Ganzi, kidonge cha kutuliza au nusu kaputi? Mwongozo kamili kwa mwanaume anayekwenda kufunga mirija ya mbegu

Mwanaume akishaamua kufanya vasektomi, swali lake la kwanza kwa daktari mara nyingi huwa ni hili: "Sindano inachomwa wapi?" Jibu analijua tayari, ila anatumaini safari hii litakuwa tofauti.

Inachomwa hapo hapo, kwenye ngozi ya mfuko wa korodani. Hata hivyo, kati ya sindano hiyo moja na usingizi mzito wa nusu kaputi kuna njia kadhaa, na kila moja ina faida yake na usumbufu wake. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: usichague dawa kwa kuangalia nguvu yake, chagua kwa kuangalia unachokiogopa. Kuna anayeogopa sindano. Kuna anayeogopa maumivu ya kukatwa. Na kuna anayeogopa kulala mezani bila suruali huku watu wawili wakiongea juu ya magoti yake. Hao ni watu watatu tofauti, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Hatua ya 1: Fahamu kinachouma na kisichouma

Upasuaji wenyewe ni mdogo, kwa kawaida dakika 15 hadi 30. Kila korodani ina mrija unaopandisha mbegu. Daktari anautafuta kwa vidole kupitia ngozi, anaubana kati ya vidole vitatu na kuuleta karibu na uso wa ngozi. Kisha anafungua tundu dogo, anauvuta kama kitanzi, anaukata, anaziba ncha zake na kuurudisha ndani. Njia ya kutumia koleo lenye ncha badala ya kisu ilibuniwa na daktari Li Shunqiang huko China mwaka 1974, na ndiyo iliyofanya tundu liwe dogo kiasi kwamba mara nyingi halihitaji hata kushonwa.

Katika kazi hiyo yote mwili unahisi mambo matatu. La kwanza ni ncha ya sindano kupita kwenye ngozi, jambo la sekunde moja. La pili ni dawa ya ganzi yenyewe kuunguza inapoingia, kwa sababu ina asidi; hiyo hudumu sekunde kadhaa, na wengi husema ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. La tatu ndilo linalowashangaza watu: mrija unapovutwa, unahisi kitu kama kukabwa tumboni, chini ya kitovu au kinenani, wala si kule daktari aliko.

Sababu ya hilo la tatu ni ya zamani kuliko wewe. Korodani huanza kuumbwa ndani ya tumbo la mtoto kabla hajazaliwa, halafu hushuka, na neva zake hushuka nazo. Ukubwani ubongo bado unazisoma neva hizo kama mali ya tumbo. Ndiyo maana ganzi ya ngozi peke yake haitoshi. Daktari mzoefu huweka dawa kwenye ngozi, kisha akaisogeza kuuzunguka mrija, juu kidogo kuelekea kinenani, ili ule mvuto nao unyamaze.

Na jambo moja la kukariri kabla hujaingia: ganzi huzima maumivu, haizimi mguso. Utahisi unashikwa, unasukumwa, unavutwa. Wanaume wengi hushtuka hapa wakidhani dawa imekataa, kumbe imefanya kazi yake vizuri kabisa.

Hatua ya 2: Anza na ganzi, kwa sababu wengi huishia hapo

Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa vasektomi wa mwaka 2012, kinasema kazi hii ifanywe kwa ganzi ya sehemu husika, pamoja na kidonge cha kutuliza au bila hicho. Dawa za kupitia mshipani na nusu kaputi zimeachwa kwa mtu aliyekataa ganzi, au yule ambaye daktari anaona ganzi na kidonge havitamtosha. Hayo ni maneno ya madaktari wanaofanya kazi hii kila siku, na sababu yao ni nyepesi: kadiri dawa inavyogusa mwili mzima ndivyo hatari inavyoongezeka, na upasuaji wa dakika 20 hauna deni kubwa kiasi hicho.

Dawa inayotumika sana ni lidokeini ya asilimia 1 au 2. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika 2 hadi 5 na hudumu kama saa moja au mbili. Madaktari wengine huongeza bupivakeini, ambayo huchelewa kidogo kuanza lakini hudumu saa kadhaa, ili ufike nyumbani na kujilaza kabla maumivu hayajabisha hodi.

Wengi huuliza: ganzi isiposhika, kuna nafasi ya kuongezewa? Ipo, na hesabu yake ni rahisi. Kiwango cha juu kinachotajwa sana cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, bila kuvuka miligramu 300. Lidokeini ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Mwanaume wa kilo 60 anafika kwenye miligramu 270, yaani mililita 27 za asilimia 1. Mililita 10 ni miligramu 100 tu, kwa hiyo daktari anayeanzia hapo bado ana nafasi kubwa. Ikitumika ya asilimia 2, mililita hizo hizo 10 zinabeba miligramu 200, na nafasi inapungua. Usiogope kuuliza, "Daktari, unatumia ya asilimia ngapi?" Swali hilo halimkeri mtu anayejua kazi yake.

Hatua ya 3: Chagua namna ganzi itakavyoingia

Kama hofu yako ni sindano, hatua hii ndiyo yako, kaa nayo.

Sindano nyembamba. Namba ya sindano ikipanda, wembamba nao unapanda: ya 30 ni nyembamba kuliko ya 25. Kwa kazi hii hutumika zile za kati ya 25 na 32, na zile nyembamba zaidi huhisiwa kama kubanwa kwa ukucha. Mbinu ndogo ndogo za daktari huleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani: kuipasha dawa hadi joto la mwili, kuisukuma polepole, na kupunguza asidi yake kwa kuchanganya mililita moja ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4 kwa kila mililita 9 au 10 za lidokeini. Mchanganyiko huo hupunguza kule kuunguza nilikokutaja. Ni jambo la dakika moja na gharama yake ni ndogo, lakini si kila mahali linafanyika. Uliza.

Kifaa cha kupuliza bila sindano. Hiki husukuma dawa kwa shinikizo kubwa hadi ipenye ngozi kama mchirizi mwembamba wa maji. Unasikia mlio wa "tap!" na kitu kama mpira wa kufungia noti ukikupiga. Ganzi yake hushika haraka sana. Kasoro ni mbili: mlio wenyewe humrusha mtu aliyekaa kwa hofu, na kuna wachache ambao haiwatoshi, hivyo sindano hubaki pembeni ikisubiri. Mtu akikuahidi kwamba sindano haitagusa mwili wako kabisa, mwambie aongeze "huenda".

Krimu ya ganzi. Ile yenye lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5 hupakwa kabla, na inalegeza ngozi tu. Mrija ulio chini haujui kama krimu imepakwa. Hupunguza ukali wa ile ncha ya kwanza kwa baadhi ya watu, basi. Usijipake kwa kukisia, kwa sababu ngozi ya mfuko wa korodani ni nyembamba na hunyonya dawa haraka kuliko ngozi ya mkono. Pata maelekezo ya kiasi na muda kutoka kwa wanaokuhudumia.

Hatua ya 4: Uliza kama hofu yako inahitaji kidonge au gesi

Kuna kipimo cha bure. Siku ya kwanza ya kuonana na daktari, lazima akushike ili aitafute mirija. Ukivumilia vidole vyake bila kurukia dari, ganzi itakutosha kwa asilimia kubwa. Ukijikuta unavuta magoti, unatokwa jasho, misuli ya mapaja imekakamaa kama mbao, usione aibu. Umempa daktari taarifa muhimu kuliko zote alizoandika kwenye faili, na huu ndio wakati wa kuongelea dawa ya kutuliza.

Kidonge kinachotumika sana ni diazepamu au lorazepamu, kinachomezwa takriban saa moja kabla. Hakiondoi maumivu hata kidogo. Kinaondoa wasiwasi, kinalegeza misuli, na misuli ikilegea daktari anafanya kazi kwa urahisi. Masharti yake ni haya. Fomu ya ridhaa utie saini kabla ya kumeza, kwa sababu saini ya mtu aliyekwisha tulizwa ina walakini. Uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, wala usiguse usukani siku hiyo. Pombe isipite kinywani tangu usiku wa kuamkia. Na useme ukweli wote kuhusu dawa nyingine: vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya morfini vikikutana na diazepamu hupunguza kasi ya kupumua, na mchanganyiko huo umeua watu. Kama unakoroma hadi pumzi inakatika usingizini, hilo nalo lisemwe. Anayekunywa pombe kila siku aseme pia, kwani kidonge cha kawaida kinaweza kumfanyia kidogo mno au kingi mno.

Kidonge cha kuazima kwa rafiki hakimo kwenye mwongozo huu.

Gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo wengine huiita gesi ya kucheka, huvutwa ikiwa imechanganywa na oksijeni, mara nyingi nusu kwa nusu. Unashika barakoa mwenyewe. Ukilewa mkono unaanguka na gesi inakatika yenyewe. Huo ni usalama wa kijanja sana. Huanza ndani ya nusu dakika hivi na huisha dakika chache baada ya kuacha kuvuta. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni zile sekunde za sindano tu, mimi naiona ndiyo chaguo linalostahili kuulizwa kwanza, endapo mahali unapohudumiwa wanayo. Haimfai mtu mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu, mwenye utumbo ulioziba, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni na kuwekewa gesi ndani yake, au mwenye upungufu mkubwa wa vitamini B12.

Hatua ya 5: Fahamu lini dawa ya mshipani au nusu kaputi ina maana

Hapa tunaingia eneo lingine. Dawa kama midazolamu, fentanili na propofoli hupitishwa kwenye mshipa, na kulingana na kiasi, unaweza kuwa unasinzia huku ukijibu ukiitwa, au umelala kabisa. Mstari kati ya hali hizo mbili ni mwembamba. Kwa hiyo kuwe na mtu mwenye kazi moja tu, kukutazama wewe unavyopumua. Daktari anayekata hawezi kuwa ndiye pia anayelinda pumzi yako. Kuwe na kifaa cha kidoleni cha kusoma oksijeni, kipimo cha presha, oksijeni yenyewe, na vifaa vya kukusaidia kupumua. Ukiona kimojawapo hakipo, ahirisha.

Nusu kaputi ina sababu zake halali: mtu aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa henia (ngiri) au wa kushusha korodani na sasa ana makovu yaliyoshika, mtu ambaye mirija yake haishikiki kwa vidole kwa sababu ngozi ni nene au korodani zimekaa juu, hofu kali ambayo kidonge hakiigusi, au mtu anayefanyiwa upasuaji mwingine siku hiyo hiyo. Sindano ya uti wa mgongo nayo ipo, lakini kwa kazi hii ni nadra. Inaganzisha miguu kwa saa kadhaa, inaweza kuzuia mkojo na kuleta kichwa kinachogonga siku zinazofuata. Ni bei kubwa kwa kitu kidogo.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: hata ukilazwa usingizi, daktari kwa kawaida bado anachoma ganzi pale pale. Hujui tu kwamba amechoma. Anafanya hivyo ili ukiamka usiamkie kwenye maumivu.

Hatua ya 6: Fungua faili lako lote

"Nina mzio wa ganzi" ni kauli inayohitaji kuchimbwa. Mzio wa kweli wa lidokeini ni nadra sana. Mara nyingi kilichotokea kwa daktari wa meno miaka ile ni moyo kwenda mbio kwa sababu ya adrenalini iliyokuwa ndani ya dawa, au ni kuzimia kwa hofu. Eleza kilichotokea hasa: vipele? Midomo kuvimba? Kubanwa kifua? Au uliona giza tu ukajikuta sakafuni? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama unahitaji dawa ya kundi lingine, kipimo cha mzio, au kitanda cha kulala chali.

Taja ugonjwa wa ini, wa moyo, kifafa, na dawa za kuzuia damu kuganda. Hizo za damu usiziache kwa uamuzi wako. Anayezisimamia ndiye aseme.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kwa ganzi peke yake, kula kitu chepesi. Tumbo tupu na hofu vikikutana, mtu anaanguka. Kwa dawa ya mshipani au nusu kaputi ni kinyume kabisa: utaratibu wa kawaida ni kutokula chakula kwa saa 6, na kutokunywa hata maji kwa saa 2 kabla, na mlo wa mafuta mengi unahitaji saa 8. Sababu ni kwamba ukilala tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kama unatumia sindano za kupunguza uzito au kisukari zinazochelewesha chakula kutoka tumboni, sema mapema.

Oga maji ya uvuguvugu asubuhi. Si usafi tu: baridi huifanya ngozi ya mfuko wa korodani ijikunje na kuzivuta korodani juu, na daktari anabaki kutafuta mirija iliyojificha. Chumba kikiwa na baridi, omba kiyoyozi kipunguzwe. Chukua na chupi ya kubana.

Ukishalala mezani, mambo huenda hivi. Dawa ya kusafishia inapakwa. Ikiwa ni ya baridi utaruka, na huko siyo maumivu. Daktari anaushika mrija wa kwanza. Mara nyingi anasema, "Sasa nachoma." Toa pumzi nje polepole wakati huo huo, usiibane. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne... joto kali linapanda, kisha kufikia kumi hivi linaanza kufifia kama redio inayopunguzwa sauti. Daktari anasubiri. Anabana ngozi kwa koleo na kuuliza, "Unasikia nini?" Mkubaliane kabla kwamba "mguso" ni neno moja na "inauma" ni neno lingine, na kwamba ukitamka la pili mkono wake unasimama na dawa inaongezwa. Kukaza meno kiume hapa hakumsaidii mtu. Mwili unaokakamaa unarefusha kazi. Upande wa pili huenda kwa namna ile ile, nao unahitaji ganzi yake.

Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, midomo kufa ganzi au macho kucheza, sema papo hapo. Ni dalili kwamba dawa imeingia kwenye damu kwa wingi. Ni tukio adimu, na lina tiba, lakini linaanza na wewe kusema. Ukisikia jasho la baridi na giza linakaribia, huko ni kuzimia tu: miguu inyanyuliwe, dakika chache itapita. Usikae ghafla baada ya kazi kwisha. Wapo wasiozimia wakichomwa sindano, wakaja kuzimia wakivaa suruali.

Hatua ya 8: Ganzi ikianza kuondoka

Usisubiri maumivu yafike. Meza dawa uliyoelekezwa, paracetamoli au ibuprofeni kama tumbo na figo zako zinairuhusu, ganzi ikiwa bado ipo. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja. Kumbuka ngozi bado haihisi, kwa hiyo barafu ikigusa ngozi moja kwa moja inaweza kuichoma nawe usijue. Pumzika siku mbili, usinyanyue mizigo. Uvimbe unaokua kwa kasi, homa, usaha au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi hospitali.

Aliyepewa dawa ya mshipani au nusu kaputi asiendeshe, asisaini mikataba, wala asibaki peke yake na mtoto mchanga kwa saa 24, hata akijiona yuko sawa.

Jambo la mwisho linamhusu zaidi aliyekusindikiza kuliko wewe. Midazolamu hufuta kumbukumbu za saa zile, na utaitikia kila agizo la daktari kwa kichwa huku hakuna linalobaki. Kwa hiyo yeye ndiye aandike: dawa gani, kila baada ya saa ngapi, namba ya kupiga usiku, na tarehe ya kupeleka shahawa zipimwe, ambayo kwa kawaida huwa wiki ya 8 hadi ya 16. Hadi majibu hayo yarudi, mirija imekatwa lakini mbegu zilizokwisha kupita mbele zipo bado, na kondomu inaendelea kutumika.